Kiti cha Kushoto

Hadi Alhamisi ile jioni Twahiru alikuwa hajapata mtu wa kukaa naye kushoto, na safari ilikuwa Jumapili. Alikuwa ameshauliza watu saba. Mmoja alikuwa na harusi, mwingine mgongo ulikuwa unamsumbua, wa tatu alicheka tu akamwongezea chai kana kwamba amesimuliwa kichekesho. Cyusa, mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Huye, alisema atampigia baadaye, na baadaye ya Cyusa ilikuwa inajulikana nyumba nzima.

Lori lenyewe lilikuwa Bedford la mwaka sabini na nne, la usukani wa kulia. Alilinunua Mombasa mwaka tisini na saba, akaliandikisha Kigali kabla magari ya namna hiyo hayajakatazwa kuingia nchini. Sasa, huku kwetu tunaendesha kulia. Dereva wa gari kama lile anakaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita gari la mbele haoni kinachokuja mpaka nusu ya lori iwe imeshajitokeza. Kwa hiyo lazima awepo mtu kushoto wa kumchungulilia. Na kwa kuwa injini ya Bedford hairuhusu watu kusikilizana, mtu huyo hasemi, anagonga mlango kwa kiganja. Mara moja, subiri. Mara mbili, pita. Kwa miaka ishirini na sita mtu huyo alikuwa mkewe, Nyiraneza, na Nyiraneza alikuwa amefariki mwaka wa pili sasa.

Tangu afariki, Bedford lilikuwa halijatoka nje ya jiji. Lilikuwa linaamshwa kila Jumamosi uani pale Nyakabanda, linanguruma nusu saa, majirani wanafunga madirisha, kisha linazimwa. Twahiru alikuwa akikaa kwenye ngazi yake na kitambaa mkononi, akilisikiliza linavyopoa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na hakuna jambo lingine duniani alilokuwa analijua vizuri kama lile.

Maoni alikuwa nayo mengi. Alisema gari likipakwa rangi mpya limeshakufa, kilichobaki ni kulisindikiza. Alisema dereva anayetazama mshale ili ajue joto la injini ni sawa na mume anayemuuliza jirani kama mkewe amekasirika. Pikipiki alizipenda pia. Alikuwa na Suzuki ya mwaka sabini na nane iliyokuwa ikikohoa kwa adabu kabla ya kuwaka, na aliamini kwamba pikipiki ni ya mtu mmoja, mtu akitaka kuwa peke yake apande pikipiki, lakini lori ni la watu wawili. Hayo aliyasema kwa kila aliyesimama karibu. Siku hizi waliosimama walikuwa wachache, na wengi walikuwa wanasubiri simu ziwaite waondoke.

*

Ijumaa, baada ya swala, alimwita Silvère aliyekuwa akipita na pikipiki yake ya umeme. Silvère alikuwa motari, dereva wa pikipiki ya abiria, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpangaji wa nyumba ya pili.

"Wee Silvère! Hiyo pasi yako inapiga nguo za nani leo?"

"Muzee, wacha matusi," Silvère akajibu akicheka. "Hii pasi iko na nilisha watoto. Yako iko na nywa tu, kama mulevi."

"Yangu ikipita watu wanajua kuna kitu kimepita. Yako inamgonga mtu akiwa bado anajiuliza kama kuna mtu nyuma yake."

Wakacheka wote wawili, na Twahiru akaona ndiyo nafasi. Akashika mpini wa pikipiki ya Silvère kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

"Sikia. Jumapili nakwenda Muhazi na lori. Matajiri wa Nyarutarama wana chama chao cha magari ya zamani, wamenialika. Kuna chakula cha mchana hotelini, kando ya ziwa. Nataka mtu akae kushoto."

"Jumapili mimi iko na kazi, muzee."

"Nitakulipa siku yako."

Silvère akatazama chini. Alikuwa mtu mwema, na kwa watu wema kukataa ni kazi ngumu. "Si franga, muzee. Ile kiti... mimi naogopa. Mutu anagonga mbili, lori inatoka, kumbe basi iko nakuja. Mimi niko na watoto batatu. Tena ile iko kiti ya mama, sha. Watu wote wanajua."

Twahiru akauachia mpini. Akasema hakuna neno, akamtania tena kuhusu pasi, na Silvère akaondoka bila sauti yoyote kama kawaida ya pikipiki zile. Twahiru akabaki kando ya barabara mkono ukiwa bado umeinuliwa kidogo.

*

Jumamosi asubuhi kulikuwa na mkutano wa wanachama nyumbani kwa mwenyekiti wao, Mutsinzi, kule Nyarutarama. Twahiru alikwenda na Bedford, polepole, kwa njia za ndani ambako hakuna wa kupitwa. Langoni mlinzi, Nsabimana, alitoka, akalitazama lori, akatazama mawe meupe yaliyopangwa uani, akakuna kichwa.

"Muzehe, hii inadondosha mafuta?"

"Bedford isiyodondosha mafuta imekwishiwa mafuta," Twahiru akamjibu.

Nsabimana hakucheka. Alikwenda ndani kuuliza, akarudi na boksi la televisheni lililokunjuliwa, akamwomba aegeshe nje ya ukuta na alitandike chini ya injini. Twahiru akapiga magoti kwa kanzu yake nyeupe aliyoivaa kwa ajili ya mkutano, akatandika boksi, akaingia kwa miguu.

Uani kulikuwa na magari saba na pikipiki nne, zote zikimetameta kama sahani za harusi. Twahiru alizipitia moja moja. Kwenye pikipiki moja ya Kijerumani aliona tangi limepakwa rangi juu ya nembo ya asili, moyo ukamuuma kama ameona mtoto amenyolewa vibaya, lakini akapita kwenye inayofuata. Watu walikuwa kama kumi, wengi wao wamekulia Kampala, wakiongea Kiingereza na Kinyarwanda na vicheko. Viti vyote vilikuwa vimekaliwa. Akakaa ukingoni mwa baraza, akaletewa soda.

Bango la safari lilikuwa limebandikwa ukutani. Katikati yake palikuwa na picha ya Bedford, kubwa kuliko magari yote. Chini palikuwa na majina ya wanachama. Lake halikuwepo, na alipolitafuta mara ya pili alijifanya anasoma saa ya kuondoka.

"Mzee wetu!" Mutsinzi akamjia mikono wazi, na "bwana" yake ilikuwa "sebo" ya Kampala. "Sebo, wewe ndiye nyota ya kesho. Ile lori ni dhahabu."

"Ahsante sana, bwana."

"Huyu ni Phiona, anashughulika na picha."

Phiona, msichana mchangamfu mwenye kamera kifuani, akamtazama kanzu kuanzia juu hadi chini. "Mzee, kesho usivae hivi, please. Vaa ovaroli ya kazi. Na usinawe mikono, mafuta yanatoka vizuri sana kwenye picha."

Twahiru akaitazama mikono yake. Alikuwa ameisugua asubuhi kwa sabuni na majivu mpaka ikawasha.

Alipoeleza kwamba bado hajapata mtu wa kushoto, Mutsinzi akapunga mkono. Hilo si tatizo. Atamfungia kamera mlangoni na skrini ndogo mbele ya usukani, saa moja tu ya kazi, mzee ataona kila kitu peke yake. "Hauhitaji mtu kabisa, sebo."

"Kamera haitamjua mwenye baiskeli anayetaka kukata kona," Twahiru akasema. "Mtu anamjua. Anamwona mabegani." Halafu, kwa kuwa wote walikuwa wamemgeukia kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa mtu aliyekaa peke yake kwa muda mrefu akipewa masikio hawezi kuyaachia, akaanza kuwasimulia kisa chake. Kilikuwa kile kile alichokisimulia msikitini, kwa kinyozi, kila mahali. Kwamba marehemu mkewe alikuwa hodari kama tanboi, utingo wa malori ya Mombasa, lakini uzeeni akawa mwoga, kunguru mtupu. Miaka miwili ya mwisho hakugonga mara mbili hata siku moja! Anamuuliza, "Vipi?", ko. "Na sasa?", ko. Barabara nyeupe, ko! Siku moja walifuata baiskeli ya ndizi kutoka Kabuga mpaka Rwamagana, mwenye baiskeli mwenyewe akawa anageuka kuwaonea huruma.

Akagonga meza kwa kiganja kila alipofika kwenye ko. Walicheka mpaka Mutsinzi akafuta macho. Twahiru alirudi Nyakabanda amechangamka kuliko siku nyingi.

*

Gaju, binti yake, alikuwa anashona sebuleni. Alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa nguo, na tangu mama yake afariki wao wawili ndio waliokuwa wakiishi katika nyumba ile, wakipishana mlangoni kwa heshima kama wapangaji. Mezani kwake palikuwa na rundo la kitenge cha maharusi wa wiki ijayo. Twahiru akakaa kwenye kochi, akakohoa.

"Gaju, mwanangu. Kesho kazi ni nyingi?"

"Iko nyingi, Baba."

"Nimekosa mtu kabisa. Nilikuwa nasema, wewe umelijua lile gari tangu mtoto..."

"Hapana."

Alikuwa amemuuliza pia mwezi uliopita, na wakati ule jibu lilikuwa hilo hilo, bila maelezo. Cherehani ikaendelea kukimbia. Twahiru akajikaza. "Ni siku moja tu. Mama yako alikaa pale miaka ishirini na sita, hakupata hata mkwaruzo."

"Najua alivyokaa."

"Na si kwamba ni lazima uwe hodari. Hata yeye mwisho alikuwa mwoga. Leo nimewasimulia watu wa Nyarutarama ile ya baiskeli ya ndizi, wamecheka wale—"

Cherehani ikasimama. Gaju akaondoa mguu kwenye kanyagio, akakunja kitenge mara mbili, akakiweka pembeni, taratibu sana, na Twahiru akajua kuna jambo baya linakuja ingawa hakujua ni lipi.

"Baba, ulisimulia ile siku ya matanga. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake. Wanaume walicheka, nikasikia. Nikasema, huyu ana uchungu, hajui anachosema. Ukasimulia kwenye arobaini. Leo tena."

"Ni kisa cha kumkumbuka tu. Nilikuwa nampenda mama yako."

"Mama alikuwa haoni."

Twahiru akamtazama.

"Macho yake ilikuwa imekwisha," Gaju akasema. "Presha ya macho. Ilianza pande zote, ikabaki katikati kidogo, kama kuchungulia kwenye tundu ya sindano. Halafu na hiyo ikaenda. Mimi ndiye nilimpeleka hospitali, mara nne. Daktari alisema tumechelewa. Miaka miwili, Baba. Hakuwa mwoga. Alikuwa hajui kama barabara iko wazi, kwa hiyo anagonga moja. Kila ukimuuliza, moja. Ili msife."

Nje, Suzuki ilikuwa imeegemea ukuta, na kuku wa jirani alikuwa anaparua chini yake. Twahiru alimtazama kuku yule kwa muda mrefu kwa sababu alihitaji kutazama kitu. Mambo yalianza kumrudia yenyewe, bila kuitwa. Chai aliyotiwa chumvi akamgombeza. Jumbe za simu alizompa amsomee, naye akamwambia uvivu umemzidi. Mkono wa mkewe uliokuwa ukipapasa mlango wa Bedford ukitafuta kitasa, wakati yeye yuko ndani tayari, anapiga honi. Na siku ile ya baiskeli, walipofika Rwamagana, alimwambia kama anaogopa akae nyumbani na wanawake wenzake. Jumapili iliyofuata alimkuta ameshakaa kitini kabla yake, amejitanda mtandio, mkono mlangoni.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilitaka kukuambia mimi. Akanilisha kiapo." Gaju alikuwa analia sasa, bila sauti. "Alisema ukijua utaacha kusafiri. Alisema nyumbani huongei, Baba, ni kweli, huongei, unakuja unakula unarudi chini ya gari. Akasema kule ndani ya lori ndiko unakoongea. Hata kama yeye hasikii nusu kwa sababu ya injini. Akaniambia, 'Nikibaki nyumbani, ataongea na nani?'"

Twahiru alisimama, akakaa tena. Aliona aibu, aibu kubwa kuliko ile ya boksi na kanzu, kwa sababu ile aliletewa na watu, na hii alikuwa ameitembeza mwenyewe mji mzima akiigongea meza. Alitaka kumwambia binti yake jambo, na kweli nyumba ile haikuwa na mazoea ya maneno. Akasema tu, "Endelea na kazi, mwanangu, utachelewa," akatoka.

*

Jumapili asubuhi Gaju alisimama mlangoni na viatu vya safari na mkoba mkononi.

"Nitakaa," akasema.

Twahiru alikuwa na ovaroli mkononi. Akaitazama, akaitundika msumarini, akavaa kanzu. "Hapana, Gaju. Kaa ushone."

"Utapitaje magari?"

"Kaa ushone, mama." Alikuwa hajamwita hivyo tangu alipokuwa mdogo. Hakuwa na hasira. Ni kwamba alikuwa ameomba watu wanane wakae kitini pale, na hakumuuliza hata mmoja wao anaona nini, anaogopa nini, kama anasikia anachoambiwa, na aliogopa kumweka mtu wa tisa.

Nyarutarama walimshangilia. Phiona aliiona kanzu, akaguna, akapiga picha mbili tu za haraka. Mutsinzi akauliza mtu wa kushoto yuko wapi, Twahiru akasema atakwenda polepole, na Mutsinzi aliyekuwa ameshavaa miwani ya safari akasema sawa, sebo, tutakutana ziwani. Wakaondoka kwa msururu na honi. Mpaka Remera, Bedford lilikuwa la nne katika mstari, na watu kando ya barabara walikuwa wakilionyesha kwa vidole.

Baada ya Kabuga akakuta lori la mchanga linapanda kilima. Wenzake wakalipita mmoja mmoja, mpaka pikipiki ya mwisho ikapotea. Twahiru akabaki nyuma ya mchanga, dirisha wazi, vumbi likimwingia puani. Lori lile lilipokata kona kuingia kwenye machimbo, mbele yake kulikuwa na baiskeli yenye vidumu vya maziwa. Akaifuata. Mwenye maziwa aliposhuka kusukuma, Twahiru akaingiza gia ya kwanza akamfuata mtu anayetembea kwa miguu. Magari ya nyuma yalipiga honi, yakampita madereva wakitoa vichwa kumtukana. Baada ya maziwa kukawa na baiskeli ya majani ya ng'ombe. Baada ya majani, ndizi.

Palikuwa na mahali barabara ilinyooka kabisa, anaiona hata kwa upande wake mbovu, nyeupe hadi mwisho. Mguu wake ukajiandaa wenyewe juu ya mafuta. Akauondoa. Alijaribu kufikiria kukaa pale kushoto bila kuona chochote, lori linatetemeka, mtu wa kulia anakupigia kelele "Na sasa?", nawe unajua kwamba ukikosea mara moja mmekufa wote wawili, na ukisema ukweli atabaki peke yake. Alijaribu kusema naye. Alifungua kinywa, akaanza na habari ya plagi za Suzuki, akanyamaza katikati.

Simu ilikuwa inaita mfukoni na hakuipokea. Mgongo ulimuuma, mkono wa gia ukafa ganzi, kiu ikamkausha midomo.

Alifika ziwani saa nane. Wahudumu walikuwa wanakunja vitambaa vya meza. Magari yote yalikuwa yamekwenda. Walitumia barabara nyingine kurudi, kijana wa hoteli akamwambia, waliondoka saa saba, walimngoja kwa ajili ya picha ya pamoja mpaka wakachoka. Akamuuliza kama alipata hitilafu njiani. Twahiru akasema hapana, gari ni zima. Akaletewa wali uliopoa na kipande cha samaki, akala akiwa amekaa kwenye ngazi ya lori upande wa kushoto, kwa kuwa upande ule ndio uliokuwa na kivuli.

Simu ikaita tena. Safari hii akaipokea.

"Baba! Uko wapi? Nimekupigia mara sita."

"Nimefika."

"Sasa hivi? Wenzako walifika saa nne, nimeona picha zao. Gari imeharibika?"

"Gari ni zima. Nilikuwa nyuma ya baiskeli."

"Baiskeli gani?"

"Zote," akasema Twahiru. "Gaju, sikupita hata moja."